Watano Mbele ya Faris

Jumatatu, 22 Septemba

Leo nimepewa watu watano ambao hakuna mwingine aliyewataka. Nimewapokea kwa mikono miwili, tena kwa hasira.

Dada yangu Eucabeth, anayefanya kazi za nyumbani kule Jeddah, ndiye aliyenishauri niandike. Alisema, "Wewe Dismas ukikasirika unasema, na ukisema unaharibu. Andika kwanza." Basi naandika. Mimi ni mkufunzi wa jimu katika chuo kimoja cha binafsi hapa Riyadh. Nyumbani nilikuwa propu wa raga, yule mnene wa mbele anayesukuma kwenye skramu, na shingo yangu ni shahidi. Chuo kina timu ya mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti na mabega ya plastiki. Katika mpira huo kuna kijana anayeitwa kwotabeki. Yeye ndiye mrushaji, na yeye ndiye anayepigwa picha. Mbele yake husimama wanene watano. Hao hawarushi, hawadaki, hawafungi. Kazi yao ni moja tu: adui asimfikie yule aliye nyuma.

Kwotabeki wetu anaitwa Faris. Mwaka jana alivunjwa mfupa wa bega akatolewa kwa machela, na baba yake akaja chuoni na maneno yake. Leo mudir, mkurugenzi wa michezo, ametuita ofisini, mimi na kocha mkuu, Haitham, Mjordani aliyesomea Amerika. Mudir hapandishi sauti. Alitumiminia kahawa mwenyewe, kisha akasema, "Faris akitolewa tena kwa machela, halas. Timu nafunga, na uwanja ule tunaufanya maegesho ya magari."

Haitham akanigeukia. "Wewe ulicheza raga. Chukua laini."

Laini ndio hao watano. Nilipowafuata uwanjani nikawakuta wamekaa kando peke yao wanakula shawarma, kama watu waliokwisha kufukuzwa. Kuna Turki, Msaudi mkubwa kama kabati anayeongea kwa kunong'ona. Yeye husimama katikati na ndiye anayemtolea Faris mpira. Kuna Zacharia, ambaye mama yake ni muuguzi Mkenya na yeye amezaliwa papa hapa. Halafu Mazin, Hatim na Osman. Turki aliniuliza kama ni kweli timu itafungwa.

"Unaipenda sana?" nikamuuliza.

"Kocha, kila mahali naambiwa nipungue. Hapa tu ndipo naambiwa nije."

 Nikamwambia haitafungwa nikiwa hai, na sasa itabidi niitimize ahadi hiyo.

Jumanne, 23 Septemba

Sikukuu ya taifa. Mtaa wetu wote wa Malaz ni honi na bendera za kijani, watoto wamelipulizia povu basi la chuo analoendesha Norman hadi kioo hakionekani, na Norman anasema povu lenyewe halitoki. Hakuna mazoezi.

Jumapili, 28 Septemba

Hawajui kusimama. Sisemi kucheza, nasema kusimama. Wanainama kiunoni kama mtu aliyeangusha sarafu, magoti yamenyooka, kichwa chini. Ukimgusa Osman kwa kidole anaanguka. Nimeuliza mwaka jana walifundishwa nini, Hatim akasema, "Tuliambiwa tuzuie." Zuieni. Hayo ndiyo mafunzo yote waliyopewa, halafu mfupa wa mtu ulipovunjika wakalaumiwa wao.

Nimefunga kamba chini chini kati ya milingoti miwili, na kila mmoja nimempa mtungi wa maji, ule mkubwa wa bluu wa kwenye kipoza maji. Unaukumbatia kifuani, viwiko ndani, unapita chini ya kamba umekunja magoti, mgongo umenyooka. Ukigusa kamba unaanza upya. Mikono iliyoufunga mtungi hivyo ndiyo mikono inayomkamata mtu kifuani bila mwamuzi kupuliza filimbi.

Haitham alisimama kando akitazama. "Lini wataanza kujifunza michezo yenyewe?"

"Wakishajua kusimama."

"Ligi ina mechi chache, Dismas."

"Basi usinipotezee muda," nikasema. Eucabeth angenifinya.

Jumatano, 1 Oktoba

Joto. Osman ametapika, akapangusa mdomo, akarudi kwenye foleni. Kijana huyo nimempenda.

Jumapili, 5 Oktoba

Norman, ninayeishi naye, ndiye dereva wa basi la chuo. Leo nimemwomba alitie gia huru kwenye maegesho, na vijana wakalisukuma kutoka lango hadi lango. Norman alikaa kwenye usukani akipunga mkono kama mheshimiwa. "Buda, ukivunja bampa unanielezea kwa kafili, bosi wangu," akanipigia kelele. Lakini basi lilikwenda. Lilikwenda vizuri sana, na watano walikuwa chini, pamoja, mguu kwa mguu, na mimi nyuma yao napiga kelele, "Mbele! Mbele!" Nimesikia raha ambayo sijaisikia tangu nilipoacha kucheza.

Haitham ananiambia wajifunze na kurudi nyuma. Anasema Faris akitaka kurusha, watano wasisukume, bali warudi hatua kwa hatua wakiwa bado mbele ya adui. Nimemwambia sawa sawa. Sitafundisha upuuzi huo. Propu anayerudi nyuma ni propu anayelimwa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mechi ya kwanza, dhidi ya chuo cha upande wa kaskazini mwa mji.

Tulipobeba mpira na kukimbia, vijana wangu waliwafagia. Nilimwona Mazin akimsukuma mtu hadi nje ya mstari, na nikajua nimefanya kazi. Kisha Faris akataka kurusha. Watano wakaruka mbele kama nilivyowafundisha, kwa nguvu zote, na wale wengine wakawapisha tu. Wakakaa pembeni kidogo, kama unavyompisha mwenye mkokoteni sokoni, Mazin akaanguka kifudifudi, Hatim akasukuma hewa, na watu watatu wakampata Faris mikono ikiwa juu. Ikawa hivyo tena. Ikawa hivyo tena. Kila aliporusha, alipigwa, na kila alipopigwa, watano waligeuka kunitazama mimi.

Karibu na mwisho alipigwa akabaki chini. Nikaona machela inatoka. Mudir akasimama jukwaani, akakunja mikono. Turki akapiga magoti kando ya Faris, akamwekea kivuli cha mwili wake, na aliyekuwa karibu akasikia akimwomba msamaha. Faris akakaa. Pumzi zilikuwa zimemwishia tu. Akasimama mwenyewe, machela ikarudi tupu, na tukafungwa vibaya.

Tukarudi kwa basi. Norman hakuwasha hata redio.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mudir amenipigia simu. Alisema maneno machache, bila hasira, na hayo ndiyo yanayotisha. "Jana ilikuwa mara ya mwisho kwangu kusimama jukwaani."

Kisha Haitham. Tumegombana ofisini mlango ukiwa wazi, na nadhani hata wafagiaji wamesikia.

"Nilikuambia warudi nyuma."

"Nikimfundisha kijana kurudi nyuma, nimemfundisha kushindwa. Mimi nimeng'oa watu kwenye skramu miaka yote. Hujawahi kuweka shingo yako pale, usiniambie."

"Dismas, wewe katika skramu nyuma yako kulikuwa na nani? Wenzako wanaokusukuma. Nyuma ya hawa kuna mtu mmoja mwembamba anayetazama angani."

Nilitoka nikaubamiza mlango. Nimempigia Eucabeth nimweleze jinsi Mjordani huyu alivyo mjeuri. Badala ya kunihurumia akacheka hadi akakohoa.

"Lakini wewe tangu utotoni hujui kurudi. Unakumbuka fahali wa kina Protus? Wenzako wote walipanda ua, wewe ukabaki umesimama unamkodolea macho."

"Na hakunifanya kitu."

"Alikutupa kwenye mtaro, Dismas. Mimi ndiye niliyekuosha."

Nimemwambia nina kazi, nikakata simu. Nina hasira na watu wote wa ulimwengu huu.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimewafundisha kusimama, kamba na mitungi. Haitham hakunisemesha, nami sikumsemesha. Turki alitoa mpira kwa Faris mara nyingi. Vumbi kidogo jioni.

Ijumaa, 17 Oktoba

Lazima niandike hili kabla sijasahau lilivyokuwa mwilini.

Valary, muuguzi anayekaa juu yetu, anahamia karibu na hospitali yake. Lifti yetu haifanyi kazi tangu kiangazi, kwa hiyo vitu vyake tumeviteremsha kwa ngazi, mimi na Norman. Mwisho likabaki friji. Norman alikuwa juu ameshika kichwa cha friji, mimi chini nimelibeba tumboni, nikirudi kinyumenyume ngazi kwa ngazi. Valary alikuwa ametangulia chini yangu na rafu zake za kioo mikononi, ananisihi, "Please Dismas, usiniangushie hilo dude kichwani."

Ngazi mbili za kwanza nilifanya ujinga. Nililisukuma friji juu, likaja na uzito wake wote, nusura liniondoe. Norman akasema, "Buda, hupigani nalo. Libebe." Basi nikakaa chini yake. Makalio chini, mgongo umenyooka, viwiko ndani, miguu imeachana. Mguu mmoja unatafuta ngazi, unaipata, ndipo mwingine unafuata, haipishani kamwe. Uzito ukija naupa ngazi moja, moja tu, halafu naukatalia. Naupa nyingine, naukatalia. Friji lilikuwa zito kuliko mimi na lilitaka kwenda chini, na lilikwenda chini, lakini mimi ndiye niliyekuwa naamua linakwenda lini na linapita wapi. Na Valary alikuwa nyuma yangu muda wote, hakuguswa hata na waya wake.

Nikasimama kwenye kona ya ngazi. Nikacheka peke yangu.

"Umechoka?" Norman akauliza.

"Nyamaza kidogo."

"Nyamaza nini na mimi nimeshika chuma hapa? Yalla, tushuke."

Huko siko kurudi nyuma ninakokujua mimi. Nimejidanganya mwezi mzima kwamba anayerudi nyuma ni mwoga, na leo nimeteremka ghorofa tatu kinyumenyume nikiwa sijashindwa na chochote. Kinachonikera zaidi ni kwamba Haitham atafurahi.

Jumapili, 19 Oktoba

Hakufurahi. Nilimfuata asubuhi nikamwambia nimekubali nusu, akaniuliza nusu ipi, nikasema ile yote. Alivuta kiti akakaa, akaunyoosha mguu wake wa kushoto ambao siku zote nilidhani anauburuta kwa maringo. Akapandisha suruali. Goti lina mshono kutoka juu hadi chini.

"Nilikuwa kwotabeki," akasema. "Mwaka wangu wa pili. Mtu wangu wa kushoto aliruka mbele kwa ushujaa mkubwa sana."

Mwezi mzima nimemwona mtu huyu kuwa mwoga wa makaratasi. Nimemwomba radhi, na maneno yalinitoka kwa shida lakini yalitoka.

Stoo ya kantini kuna friji bovu. Nimelitoa. Mchana wote vijana wameliteremsha kwenye ngazi za jukwaa, mmoja juu, mmoja chini kinyumenyume, na nyuma ya aliye chini nimemsimamisha Faris ametandaza mikono kama anayetaka kurusha. Wanafunzi wengine wamekuja kupiga video na kucheka. Wachekaji wale nimewaita mmoja mmoja waje walishike. Walipolishika kicheko kiliwaisha.

Zacharia aliponyooka alikuwa anatetemeka mapaja. "Anko, hii ni ngumu kuliko kusukuma basi."

"Ndiyo maana tulianza na basi," nikasema. Uongo mtupu.

Jumatano, 29 Oktoba

Turki hatazami tena miguu yake.

Ijumaa, 7 Novemba

Mechi ya pili tumeshinda. Faris aliangushwa mara moja, Osman alipojikwaa, akainuka akampa Osman mkono. Mara nyingine zote watano walirudi, wakakaa, wakarudi, wakakaa, na wale wa upande wa pili wakawa wanawasukuma watu ambao kila wakiguswa wapo na kila wakisukumwa bado wapo. Mmoja wao alimtukana Mazin kwa kuchoka tu.

Mudir hakusimama. Alikuwa anakula mbegu za alizeti.

Jumanne, 18 Novemba

Upepo wa vumbi, mazoezi yamefutwa. Nilipita uwanjani kuangalia kamba zangu nikamkuta Turki peke yake chini ya jukwaa, kitambaa cha shemagh kimemfunika uso, anarudi kinyumenyume na mtungi wa maji. Nilimwambia aende nyumbani. Akasema nyumbani kaka zake wanamwita tangi. Nikachukua mtungi wangu.

Jumapili, 30 Novemba

Ushindi ule umetuingiza fainali, nayo ni Jeddah, tarehe kumi na mbili. Chuo cha kule kina mtu anayeitwa Bandar, ambaye peke yake ameharibu makwotabeki wa timu mbili. Mudir ameona video zake, na leo amekuja uwanjani na kijana anayeitwa Nawaf: kifua cha kutengenezwa jimu, mishipa hadi shingoni. Anataka asimame katikati badala ya Turki.

"Turki ni mzito," mudir akasema. Turki alikuwa hatua tatu kutoka pale.

Eucabeth, nilijaribu. Nilihesabu hadi kumi. Kisha nikasema, "Turki akitoka, na mimi natoka. Fanyeni maegesho yenu leo hii."

 Ikama yangu, kibali changu cha kuishi hapa, iko kwenye droo ya mudir, na wote wawili tulikuwa tunalijua hilo. Nilidhani Haitham atanivuta mkono aniombee msamaha, lakini akachechemea hadi akasimama upande wangu. "Wapambane," akasema. "Nawaf ashambulie, Turki azuie, Faris nyuma."

Nawaf alikuja kama gari. Turki akampa hatua moja. Akampa ya pili. Nawaf alisukuma, akavuta, akazunguka, na kila alikozunguka alikuta mikono miwili iko kifuani pake na mtu mnene amekaa chini yake anamtazama kwa upole. Faris alirusha, akaudaka mwingine, akarusha tena. Mwisho Nawaf akashika magoti akihema, akasema kitu ambacho Zacharia alinitafsiria: "Huyu ni ukuta unaotembea."

"Taib," mudir akasema. "Abaki. Lakini Faris akilala chini Jeddah, aliyemlaza ni wewe, Dismas."

Nimemwambia nimekubali. Usiku huu naogopa, nisijidanganye. Lakini sijuti.

Alhamisi, 11 Desemba

Safari. Norman ameendesha mchana kutwa, na tulipokaribia Makka akachukua barabara ya kuzunguka, ile ya sisi wasio Waislamu. Vijana walipiga makelele kwamba Norman anawachelewesha. "Silimu basi, ammu Norman, tufike mapema," Hatim akamtania. Norman akajibu, "Nikisilimu leo, mahari utanitolea wewe?" Basi zima likacheka, Turki pia, kwa sauti ambayo sikujua anayo.

Jeddah imetupokea kwa mawingu. Hewa imelowa, shati linakunata ukiwa umesimama tu. Wanasema mvua kubwa inakuja. Vijana wa Riyadh hawajui uwanja wa matope ukoje. Mimi ninaujua, nimekulia ndani yake.

Ijumaa, 12 Desemba

Mvua ilianza alfajiri. Hadi saa sita barabara za mtaa wa Al-Hamra zilikuwa mito, na uwanja wao, ambao ni nyasi upande mmoja na udongo upande wa pili, ulikuwa uji. Nilidhani wataahirisha. Ilipokatika wakasema tunacheza.

Kabla hawajaingia niliwatoa viatu watano wangu. Nikawaambia wasimame kwenye tope kwa nyayo, walijue. Wakashangaa, Zacharia akasema, "Anko, baridi," lakini wakasimama. Nikawaambia tope halina ubaya na mtu aliye chini. Humwangusha aliye juu na mwenye haraka. "Leo nchi yote ni ngazi," nikasema, na Turki akaitikia kwa kichwa akaanza kuvaa viatu vyake.

Eucabeth alikuja. Madam wake alimpa ruhusa ya alasiri kwa sharti aje na watoto wawili wa nyumba. Nilimwona jukwaani amefunga kitambaa cha njano, mtoto huku na mtoto huku, na nikageuka haraka kwa sababu ni miaka miwili sijamwona.

Bandar ni mkubwa kweli. Mchezo wa kwanza wa kurusha alikuja akateleza mwenyewe. Wa pili hakuteleza. Alimgonga Turki kifuani, nikasikia plastiki ikilia, na Turki akarudi hatua, akakaa. Akarudi, akakaa. Faris akarusha. Hakuguswa. Nikajikuta nimemshika Haitham mkono.

Wakabadilisha. Wakamleta Bandar upande wa Zacharia, kisha upande wa Osman, kisha watu wawili kwa Turki mmoja. Waliwapiga wanangu viwiko, wakawavuta helmeti, wakawatukana mama zao. Mapumzikoni Mazin alikuwa na damu kwenye meno, na Hatim aliniambia, "Kocha, tukiwasukuma mara moja tu. Mara moja. Tuwaonyeshe."

Na mimi nilitaka. Mungu anajua nilivyotaka. Propu wote waliomo mwilini mwangu walisimama. Nikamwonyesha Faris, aliyekuwa anakunywa maji. "Mkisukuma mara moja, yule pale ataondoka kwa machela," nikawaambia. "Mnataka kuwakera? Mkataeni. Hakuna kinachomkera mtu kama huyo kama kukataliwa mchana kutwa."

Kipindi cha pili tope lilipanda hadi magotini. Watano wangu hawakutambulika, wekundu kuanzia helmeti hadi viatu, namba hazisomeki. Nilimjua Turki kwa ukubwa wake tu. Walibanwa, wakapewa kila kitu, na kila walichopewa walikitolea hatua moja na kukikatalia. Bandar alianza kutembea kati ya mchezo na mchezo. Kisha akaanza kushika kiuno. Nilimwona Eucabeth amesimama, watoto wa madam wake wanapiga kelele za jina la Turki ambalo sijui nani aliwafundisha.

Tulikuwa nyuma kwa pointi chache na mchezo mmoja umebaki. Faris alihitaji muda mrefu, watu wake wakimbie hadi mwisho wa uwanja kwenye tope lile. Turki akatoa mpira. Wakaja wote, Bandar mbele. Watano wakarudi. Nikahesabu hatua zao kwa midomo, ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na Zacharia akateleza goti moja likagusa chini, na akamshikilia mtu wake akiwa amepiga goti, hakumwachia. Faris alisimama katikati yao ametulia kama mtu anayesubiri chai. Alikuwa na muda wote wa ulimwengu. Akarusha.

Ulikuwa mpira mzuri. Ulimfika mdakaji mikononi, na ukamponyoka kama samaki wa mtaroni. Filimbi ikalia. Tumefungwa.

Watano walilala pale pale walipokuwa. Hawakuwa na nguvu za kulia. Faris alibaki amesimama katikati yao, na hapo ndipo uwanja mzima ulipoona kile ambacho mimi nilikuwa nakitazama tangu mwanzo: jezi yake ilikuwa nyeupe. Viatu na soksi vilikuwa vimechafuka. Kutoka kiunoni kwenda juu alikuwa kama katolewa dobi.

Akajitazama. Akawatazama wenzake. Uso wake ukakunjamana, akalitupa helmeti, akajiangusha chali kwenye tope kati ya Turki na Zacharia, kwa kishindo, mikono imetanda.

Mudir akaona mtu amelala. Akashuka jukwaani mbio, kanzu yake nyeupe ameikunja kwa mikono miwili, kiatu kimoja kikabaki kwenye tope na hakurudi kukichukua. "Nani amempiga? Nani?" Watu wa machela nyuma yake.

"Hakuna," nikasema.

"Amelala chini!"

"Amejilaza mwenyewe, mudir. Muulize."

Faris alifumbua macho. Alikuwa anajipaka tope kifuani kwa viganja, taratibu, kama anayejipaka sabuni. "Nimeona aibu kuwa safi," akasema.

Mudir alisimama pale na soksi yake moja. Alimtazama Faris, akamtazama Turki, aliyekuwa anahema macho yamefumbwa. Kisha akainama, kwa shida kwa sababu si kijana, akamshika Turki mkono amwinue. Hakuweza, bila shaka. Turki ndiye aliyeinuka, akamshikilia mudir asianguke.

Eucabeth alinikuta nje ya basi. Alinitazama nilivyo, akachukua ncha ya kitambaa chake cha njano akaanza kunipangusa uso. "Huyu ndiye fahali wa kina Protus?" akauliza, akimwonyesha Bandar aliyekuwa anapita anachechemea. Nikasema ndiye. "Na leo hujaenda mtaroni." Nikalia pale pale mbele ya watoto wa watu, na sioni haya kuandika.

Jumamosi, 13 Desemba

Njiani. Norman amelalamika kuhusu viti vyake tangu Jeddah hadi Riyadh. Vijana wamelala vinywa wazi.

Jumapili, 14 Desemba

Mudir hajaniita wala hajanipigia. Asubuhi nilikwenda uwanjani kukunja kamba zangu, nikamkuta fundi, Mpakistani mmoja, anavuta tepu ya kupimia kutoka mlingoti hadi ukuta, na kijiti chenye kitambaa chekundu amekichomeka pale pale Turki anaposimama. Damu ilinipanda. Nilivuka uwanja nikiwa na maneno yote tayari mdomoni, maneno ya kunirudisha kwetu kwa ndege ya jioni.

"Unapima maegesho?" nikamuuliza.

Alinitazama kama mtu aliyechanganyikiwa. "Maegesho hapana. Mudir sema mifereji. Mvua ikija, mpira iendelee."

Nikamshikia ncha ya tepu.